Lakini si inawaka?

Wadau, kimya changu cha wiki tatu hakikutokana na kuishiwa cha kuandika. Nilikuwa na habari, tena habari yenyewe ilikuwa itoke gazetini kwetu na picha yangu juu, nimeshika kipande cha bodi ya kijani natabasamu kama nimeshinda bahati nasibu. Ikanigeukia. Leo naitoa hapa kwenye blogu, ambako hakuna mhariri wa kunipunguzia aibu wala wa kuniongezea sifa.

Jambo lenyewe ni hili: nimetengeneza kwa mikono yangu adapta ya kupandisha prosesa ya kompyuta ya zamani. Najua nusu yenu mmeshaanza kucheka. Simu iliyo mfukoni mwako inaishinda kompyuta hiyo kwa mbali mno, hata ile ya kioo kilichopasuka. Kweli kabisa, sibishi. Cheka kwanza, halafu tuendelee.

Kompyuta ni ya mjomba wangu, Temeke. Ni 486DX ya megahezi 33, aliinunua mtumba mwaka 1996 alipofungua kibanda cha kuchapa barua. Vijana wa siku hizi hatuelewi kitu hicho kilikuwa na maana gani. Hii ni nchi iliyopiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, na kizazi cha mjomba kilikua kikiamini kompyuta ni kitu cha wizara na benki. Yeye akaiweka mezani karibu na kituo cha daladala. Alichapa barua za maombi ya kazi, mikataba ya kupangisha chumba, malalamiko kwa serikali ya mtaa, hata barua za mapenzi za watu wasiojua kupanga maneno (hizi alitoza zaidi). Zote kwenye WordPerfect 5.1, ile ya skrini ya bluu. Kibanda kilipokufa, kompyuta ikafunikwa kanga ikakaa juu ya kabati.

Nilipoiomba, mjomba hakuuliza maswali mengi. Alisema tu, "Mjomba, chukua. Ila barua zangu zimo humo, usije ukazipoteza."

Kumbukeni hiyo sentensi.

Sasa, adapta ya prosesa ni nini? Mazabodi ya zamani ina soketi, na prosesa inakaa juu ya soketi. Ukitaka kasi zaidi unatoa prosesa, unaweka nyingine. Zamani wakati mwingine ilikuwa rahisi hivyo hivyo. Mwaka 1984 kampuni ya NEC ya Japani ilitoa prosesa ya V20 ambayo pini zake zilifanana na za Intel 8088, ile ya kompyuta ya kwanza ya IBM PC ya 1981. Unang'oa 8088, unachomeka V20, unapata kasi kidogo bila kugusa kitu kingine. Intel na NEC walipelekana mahakamani Marekani na hukumu ilitoka 1989: V20 haikuwa imenakili.

Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, prosesa mpya zilianza kutaka umeme mdogo kuliko soketi za zamani zilivyotoa. Hapo ndipo adapta zilipopata kazi. Unaweka kibodi kidogo katikati: chini kina pini za kuingia kwenye soketi ya zamani, juu kina soketi ya prosesa mpya, na katikati kuna ujanja wa kupatanisha wawili wasioelewana. Miaka ya tisini kampuni kama Kingston na Evergreen ziliuza vitu hivyo kwenye maboksi mazuri. Kingston walikuwa na TurboChip 133, ambayo ndani yake ilikuwa ni prosesa ya AMD, Am5x86 ya mwaka 1995, ikiwa na kirejuleta chake mgongoni. Siku hizi wanaokusanya kompyuta za zamani wanazigombania, na watu wengi wameamua kujitengenezea. Nami nikaingia humo.

Prosesa niliipata Kariakoo, kwenye gunia la chakavu la fundi mmoja. Hizi prosesa za kauri zina dhahabu kidogo, kwa hiyo wanunuzi wa chakavu huzipima kwa mizani kama dagaa. Fundi akaigeuza geuza akaniuliza, "Mdogo wangu, unaenda kutengenezea pete?" Nikamwambia naenda kuiwasha. Akanipunguzia bei kwa huruma.

Tatizo la kwanza ni volti. Soketi ya mjomba inatoa volti 5. Am5x86 inataka 3.45. Ukiichomeka moja kwa moja unachoma nyama. Habari njema ni kwamba mambo mengine yanapatana: AMD waliitengeneza iweze kupokea ishara za volti 5 bila kuumia, na mazabodi nayo inahesabu ishara yoyote inayopita volti 2 kuwa ni "moja", kwa hiyo 3.45 inatosha kabisa. Kinachotakiwa kubadilishwa ni chakula, lugha wanaelewana.

Nilichora bodi kwa KiCad, programu ya bure, nikaagiza China vipande 5. Mashimo 168, yamepangwa kwenye mraba wa 17 kwa 17 wenye uwazi katikati, umbali wa milimita 2.54 kutoka shimo hadi shimo. Nikatumia soketi yenye miguu mirefu, ile inayopenya bodi na kutokeza chini kuwa pini. Miguu ya ishara na ya ardhi nikaiacha. Miguu yote ya umeme wa volti 5, zaidi ya 20, nikaikata kwa koleo moja baada ya nyingine ili ule umeme wa soketi usipande juu. Ukisahau mmoja tu, kazi yote imekwisha. Nilihesabu mara nne, na mara ya tatu nilipata idadi tofauti na ya kwanza, nikaanza upya usiku wa manane wenzangu wamelala.

Umeme wa prosesa nikauleta kwa waya mwekundu kutoka kwenye pawa saplai, ile plagi ya diski, ukapita kwenye rejuleta ya LM1084. Rejuleta hii unaipangia volti kwa rezista mbili: unagawa ya pili kwa ya kwanza, unajumlisha moja, unazidisha kwa 1.25. Nilizokuwa nazo ni za omu 120 na 220. Piga hesabu mwenyewe: 3.54. Juu kidogo kuliko nilivyotaka. Nikaunganisha rezista ya omu 4,700 sambamba na ile ya 220, volti zikashuka hadi 3.44. Mita ikasema hivyo hivyo. Jamani, nimesoma fizikia kidato cha tano na sita, nikajibu maswali ya rezista sambamba mpaka mkono ukauma, na hii ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu jibu la swali la rezista sambamba limekuwa na kazi!

Mwisho ni ile pini ya R17. Ukiiunganisha na ardhi, prosesa inazidisha mapigo ya mazabodi mara 4; ukiiacha, mara 3. Mazabodi inapiga 33, prosesa inakimbia 133. Nikaiunganisha.

Ikawaka mara ya kwanza. Sitawadanganya, nilipiga kelele. Mazabodi haikuijua hata prosesa yenyewe, ilipowaka ikaandika jina la prosesa nyingine na kasi ambayo si yake, lakini DOS ikafunguka, mshale ukapepesa.

Dakika ishirini baadaye ikaganda. Nikazima, nikawasha, ikafanya kazi, ikaganda tena. Nilipogusa rejuleta nikaacha ngozi ya kidole pale. Hesabu ni rahisi, sikuipiga tu: volti 5 zinaingia, 3.44 zinatoka, tofauti ni karibu volti moja na nusu, na mkondo ni kama ampea moja. Hiyo ni wati moja na nusu inageuka joto ndani ya kitu kidogo kama ukucha, kwenye chumba cha Temeke mwezi wa pili, saa nane mchana. Wengi wanaojaribu adapta hizi wako Ulaya, ambako chumba kina nyuzi 20. Mimi kipimajoto cha ukutani kilikuwa kinasoma 33 na kifuniko cha kompyuta hakijafungwa bado. Nikachomoa kipande cha aluminiamu kwenye pawa saplai iliyokufa, nikakifunga kwa skrubu mgongoni mwa rejuleta. Kuganda kukaisha. Hili nilijivunia na bado najivunia: nilipata kosa, nikalielewa, nikalitibu.

Ndipo ikaja kasi, na hapa ndipo nilipoharibikiwa.

Kuna programu ya zamani ya Norton inayopima kasi ya kompyuta na kukuchorea mchirizi. Nikaiendesha. Prosesa ya zamani ikapata namba yake, adapta yangu ikapata karibu mara nne ya hiyo. Mara nne! Nikapiga picha skrini. Sikujiuliza kwa nini iwe mara nne kamili wakati memori bado inakwenda kwa mapigo yale yale 33 na diski ni ile ile ya mwaka 1996. Jibu ni kwamba kile kipimo ni kidogo mno. Kinaingia chote kwenye kashe, ule mfuko wa kilobaiti 16 ulio ndani ya prosesa, kikishaingia hakitoki nje tena kugusa memori. Kinapima prosesa ikiwa imejifungia chumbani peke yake. Nilipotafuta neno kwenye barua ndefu ya mjomba, kasi iliongezeka kweli, ila hakukuwa na mara nne wala jirani yake.

Lakini mimi nilikuwa nimeshalewa zile namba, nikazitaka zaidi. Am5x86 ina namna mbili za kutumia kashe. Kwa namna ya kwanza, kila prosesa inapobadilisha kitu inaandika papo hapo kwenye memori. Kwa namna ya pili inakaa na mabadiliko kwenye kashe, inaandika baadaye ikibidi. Ya pili ni ya kasi zaidi. Inachaguliwa kwa pini moja. Mazabodi ya mjomba ni ya kabla ya mambo hayo, haijui hata kama prosesa inaweza kukaa na kitu bila kusema. Nilikuwa nimeweka jampa kwenye bodi kwa ajili ya pini hiyo. Nikaisogeza.

Kompyuta ikawaka. Mchirizi ukapanda kidogo. Nikacheza mchezo wa mbio za magari saa nzima bila kuganda. Nikafungua WordPerfect, nikaandika, nikahifadhi, nikafungua tena, kila kitu kipo. Nikajiambia nimemaliza majaribio.

Siku ya pili nikalisema ofisini. Wenzangu wakaja Temeke na kamera. Mwenzangu mmoja akaandika habari, kichwa chake kilikuwa na neno "abuni", na kwa kweli sikubuni chochote, nilifuata njia ambayo wengine walishaipita. Sikumsahihisha. Mkuu wa dawati akaipenda, akaipangia nafasi Jumapili.

Siku hiyo hiyo nilifanya mambo mawili. Nilinakili barua zote za mjomba, 143, kwenye flopi ili nimrudishie. Kisha nikafomati diski nianze upya na DOS safi, kwa ajili ya vipimo vizuri zaidi. Mtaniuliza kwa nini sikuzinakili kwanza kabla ya kugusa prosesa. Naomba msiniulize, mama yangu ameshaniuliza.

Ijumaa jioni nikachomeka flopi kwenye laptop kwa kisomeo cha USB ili nimchapishie mjomba barua chache kama zawadi. LibreOffice inazifungua hizo za WordPerfect bila shida. Barua ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu ilikuwa ya mjomba mwenyewe, ya mwaka 1999, anaeleza mipaka ya kiwanja chake kwa kamati ya mtaa. Katikati pameandikwa hivi: "Kutoka kwenye mwembe hadi kona ya kusini ni maombi ya kazi y kwa mguu wa mtu mzima."

Nilidhani mjomba alikosea kuchapa. Nikafungua nyingine. Mkataba wa kupangisha chumba, na katikati ya kodi kuna kipande cha salamu za mtu mwingine. Nyingine safi. Nyingine ina kipande. Jumla barua 38 kati ya 143 zilikuwa na maneno ya barua jirani ndani yake. Hesabu herufi za "maombi ya kazi y" pamoja na nafasi. Ni 16. Kila kipande nilichopima kilikuwa 16, au 32, au 48.

Nilikaa na namba hiyo usiku mzima. Kashe ya Am5x86 imegawanyika mistari, na kila mstari ni baiti 16.

Kilichotokea ni hiki, nanyi mnisikilize vizuri maana ndiyo roho ya habari nzima. Diski kuu ya kompyuta hii inapokea data kupitia prosesa, kwa hiyo prosesa inajua kila kitu na haikosei. Flopi haiko hivyo. Flopi ina njia ya mkato: mazabodi inaichotea data moja kwa moja kutoka kwenye memori, prosesa ikiwa pembeni. Prosesa ilisoma barua ya kiwanja kutoka kwenye diski, ikaiweka kwenye memori, lakini mistari kadhaa ikabaki nayo kwenye kashe ikisema nitaandika baadaye. Flopi ikaja kuchota. Pale ambapo mstari mpya haujaandikwa, ikakuta maneno ya barua iliyopita bado yamekaa, ikayachukua. Hakuna aliyeona kosa. Kompyuta haikulalamika. Na kwa kuwa ni baadhi tu ya mistari inayokuwa kwenye kashe kwa wakati huo, barua nyingi zilipita salama, na hilo ndilo baya zaidi, maana ukikagua mbili tatu unaridhika.

Jumamosi asubuhi nikampigia mkuu wa dawati nikamwomba aiondoe ile habari. Nikamweleza. Akasikiliza kwa subira, maana ni mtu mwema, kisha akaniuliza swali ambalo nimelifanya kichwa cha makala haya:

"Lakini si inawaka?"

Inawaka, bosi. Hata hivyo, nikamwambia iondoe. Akaiondoa, akaweka habari ya kijana mwingine aliyetengeneza kitu kingine. Sijui kama hicho kitu kinafanya kazi. Hakuna aliyejaribu.

Sasa wadau, hapa ndipo nataka tugombane kidogo. Mimi mwenyewe nimeshaandika habari mbili za "kijana abuni". Moja ilikuwa ya jiko linalotumia mkaa kidogo. Niliandika kwamba linatumia nusu ya mkaa. Nani aliniambia? Yeye. Je, nilichemsha hata chai juu yake? Sikuchemsha. Nilipiga picha likiwa linawaka moto, nikaondoka na bodaboda. Wasomaji walisifia, kijana alifurahi, hakuna aliyerudi kuuliza. Ukiniuliza leo kama lile jiko ni zuri, sina jibu, na huenda ni zuri kweli, ndiyo maana inauma: kama ni zuri nimemnyima ushahidi, kama ni bovu nimemnyima nafasi ya kulitengeneza.

Tumezoea kumpima kijana aliyetengeneza kitu kwa huruma. Tunaona ametumia vyuma chakavu, hana mtaji, hana maabara, basi tunaona aibu kumuuliza swali gumu. Mimi nasema huruma ya namna hiyo ni dharau iliyovaa kanzu. Mtu uliyemheshimu unamwambia: washa, funga kifuniko, tuache saa nne mchana huu wa jua, tunakili faili mara mia, halafu tulinganishe.

Na hapo ndipo ninapowatetea hawa watu wa adapta dhidi ya wanaosema wanapoteza muda. Kompyuta ya zamani ni mwalimu kwa sababu bado unaweza kuifikia kwa mita. Rafiki yangu amemaliza shahada ya uhandisi wa kompyuta, ana cheti kizuri, hajawahi kuona kashe ikikosea. Siyo kosa lake. Kwenye laptop yake kila kitu kimefungwa ndani ya chipu moja na kulehemewa, na mambo haya haya ya nani ana data mpya na nani ana data ya jana yanaendelea mle ndani mara mamilioni kwa sekunde, yeye anayasoma kitabuni kama hadithi. Mimi, mtu wa habari, nimeyaelewa kwa sababu ya mwembe wa mjomba.

Wako wanaokwenda njia nyingine. Kuna kitu kinaitwa PiStorm, adapta inayoingia kwenye soketi ya prosesa ya Amiga 500, kompyuta ya mwaka 1987, lakini badala ya prosesa ya kweli inabeba Raspberry Pi, na programu ndani ya hiyo Pi inajifanya ni prosesa ya Motorola 68000. Kasi yake ni ya ajabu. Wengine wanaita udanganyifu. Kwangu mimi siyo udanganyifu mradi imesemwa wazi ni nini. Mashine ya nje inajibiwa ishara zake kwa wakati wake, inaridhika. Nitakachouliza ni kile kile: diski zake mmezilinganisha? Kwenye picha za kujisifu naona mchirizi wa kasi kila mara. Orodha ya vilivyoshindikana naiona kwa nadra, na ndiyo pekee ninayoitaka.

Zile kampuni za miaka ya tisini angalau zilikuwa na mteja wa kurudisha boksi dukani akiwa amekasirika. Sisi wa nyumbani hatuna mteja. Ukijitengenezea adapta, anayekukagua ni wewe, na wewe ndiye mwenye hamu kubwa kuliko wote ya kuona imefaulu.

Nikarudi Temeke kumweleza mjomba. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Alivaa miwani, akasoma ile barua ya kiwanja, akafika kwenye "maombi ya kazi y", akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanyamaza. Karatasi yake ililowa kwenye mafuriko miaka mingi iliyopita, nakala ya kamati hakuna anayejua iliko. Mzee wa jirani alishafariki, watoto wake wanataka kujenga ukuta, na mwembe wenyewe haupo tena. Majina ya mashahidi yamesalimika, tarehe imesalimika. Idadi ya hatua ndiyo iliyoliwa.

"Zilikuwa thelathini na kitu," akasema. "Na ngapi sasa, mjomba?"

Nilipopata nguvu ya kurudi kwenye kompyuta, nilirudisha jampa kwenye namna ya kwanza, kila kitu kiandikwe papo hapo. Nikaandaa faili moja kubwa linalokaribia kujaza flopi. Unalinakili, unazima kompyuta, unawasha, unalinganisha kwa amri ya FC ya DOS baiti kwa baiti. Kuzima katikati ni muhimu, la sivyo DOS inaweza kukusomea kilichobaki kwenye memori ikakuridhisha bure. Kwanza nilijaribu kwa makusudi na jampa ya uovu: FC ikatema tofauti ukurasa mzima. Hapo nikajua kipimo changu kina uwezo wa kuona kosa. Baada ya hapo ndipo nikajaribu na jampa sahihi. Mizunguko 60 mpaka jana usiku, kifuniko kimefungwa, mchana na usiku, flopi tatu tofauti. Hakuna tofauti hata baiti moja. Flopi moja ilikufa, lakini hiyo ilikufa kwa uzee, niliijaribu na prosesa ya zamani ikagoma vile vile.

Mchirizi wa Norton umeshuka kidogo. Acha ushuke.

Bado sijajaribu kinasa data cha kanda wala kadi ya sauti, ambazo nazo hupita njia ile ya mkato, kwa hiyo sisemi adapta imekamilika. Nimebakiwa na bodi tatu tupu. Kama yupo mdau mwenye 486 ya zamani anayetaka moja, aniandikie, nitampa bure pamoja na michoro, kwa sharti kwamba atanakili faili zake zote kwanza, kisha aniletee matokeo ya FC, hasa yakiwa mabaya.

Jumamosi tunaenda kiwanjani na mjomba, mimi na kamba, yeye na miguu yake. Anasema miguu itakumbuka.